Watani Nyuma ya Mlango

Siku ya 164

Mlango wa jiko ulikataa kunifungulia kwa sababu Mihayo alikuwa ndani anakaanga vitunguu.

Niliusukuma kwa bega. Nikaupiga kwa kisigino. Nilikuwa nazibua chujio la maji tangu saa kumi na mbili asubuhi, njaa inanikwangua, na harufu ya vitunguu inapita kwenye tundu la hewa bila kuomba kibali kwa mtu.

"Zaituni Pazi," ilisema sauti kutoka darini, ile sauti laini ya kusomea taarifa za vifo redioni, "Mihayo Kasanda yumo ndani. Kwa usalama wenu, mlango mmoja utabaki kati yenu wakati wote. Chai yako utaletewa."

"Usalama gani? Nataka chapati, sitaki roho yake!"

"Neno 'roho' limeandikwa."

Upande wa pili wa mlango Mihayo aliangua kicheko. "Mwache huko huko, Mizani! Mzaramo akiingia jikoni hata sufuria zinajificha."

"Tusi limeandikwa," ilisema Mizani. "Rangi ya nyumba sasa ni manjano."

Nyumba yetu ilikuwa kwenye sayari ya Mirihi kwa makubaliano tu. Kwa macho ilikuwa kwenye uwanda wa majivu ya volkano kaskazini mwa Ziwa Natron, mahali ambapo hata mbuzi hupita bila kusimama. Lakini hatukuruhusiwa kutia pua nje bila vazi la anga, ingawa hewa ya Tanzania ilikuwa pale imejaa tele, bure. Tukitaka kuzungumza na Makao Makuu kule Arusha, ujumbe ulicheleweshwa makusudi dakika kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi, ili tuuzoee umbali.

Tulikuwa wanne. Kamanda Robai Khaemba, mwanamke wa Kakamega, rubani wa zamani wa ndege za mizigo, ambaye hata shuka lake hulikunja kwa kanuni. Daktari Haroub wa Pemba, mpole kiasi kwamba akikuchoma sindano yeye ndiye anayesema "aah!" Mihayo, mtaalamu wa miamba, Mnyamwezi wa Urambo. Na mimi, fundi wa hewa na maji, Mzaramo wa Kisarawe. Tukimaliza siku mia mbili salama, sisi ndio tungepanda chombo cha kweli kwenda Mirihi ya kweli. Niliitaka safari hiyo tangu nikiwa darasa la tano, na sioni haya kusema kwamba niliitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote.

Sasa Mizani. Mizani ilikuwa mashine ya kusikiliza. Ilikuwa na masikio kila chumba na ndani ya kila kofia ya anga. Ilipima maneno yetu, kupanda na kushuka kwa sauti, hata kunyamaza kwetu, kisha ikawasha taa moja juu ya meza ya chakula: kijani kwa amani, manjano kwa tahadhari, nyekundu kwa ugomvi. Wataalamu walikuwa wamepiga hesabu wakaona kwamba katika safari ya miezi minane angani, watu wawili wakichukiana wanaweza kuwaua wote. Kwa hiyo Mizani ikakabidhiwa milango. Ikiona wawili wamefarakana, inahakikisha hawakai chumba kimoja. Nyekundu ikiwaka mara tatu, mmoja anatolewa na mtu wa akiba anaingia. Mashine hiyo hiyo, pamoja na yote iliyojifunza kwetu, ndiyo ingefungwa kwenye chombo cha kweli.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Kabla ya kufungiwa tulijaza fomu ya maswali mia tatu ili Mizani itujue. Swali mojawapo lilisema: "Eleza uhusiano wako na kila mwenzako." Kwa Mihayo mimi nikaandika: "Huyu ni mtumwa wetu. Babu yake tulimpata kwa nazi mbili, na moja ilikuwa koroma." Yeye naye akaandika kwangu: "Wazaramo wote ni mali ya babu yangu. Aliwaacha pwani kwa sababu kila alipotaka kuwachukua walikuwa wamelala." Wape Mzaramo na Mnyamwezi karatasi rasmi na kalamu, wataandika nini kingine? Ila aliyeisoma fomu ile hakuwa mtu wa kucheka. Mizani iliamini kila neno, ikaanza kutusikiliza kwa tahadhari.

Nyekundu ya kwanza iliwaka siku ya kumi na mbili, kwa ajili ya soksi za Mihayo, na hiyo sitaieleza. Ya pili iliwaka siku ya 163, mezani, nilipomsimulia Daktari jinsi babu yake Mihayo alivyofika pwani na mzigo kichwani, akaiona bahari mara ya kwanza, akainama akainywa, halafu akauliza nani kazidisha chumvi. Mihayo akajibu kwamba babu yangu alikuwa pale pale ufukweni, amejilaza, anangoja samaki wamfuate kitandani. Daktari Haroub alicheka mpaka akapaliwa na wali. Taa ikawaka nyekundu, na tangu saa ile milango ikaanza kututenga.

Ilikuwa imebaki nyekundu moja.

*

Kamanda aliitisha kikao saa tatu asubuhi ile ile. Kwa kuwa hatukuweza kukaa pamoja, mimi niliwekwa karakana, Mihayo akabaki jikoni, naye Kamanda na Daktari wakasimama kwenye ujia wa katikati, wakitutazama kwa zamu kupitia vioo vya milango.

"Hebu mnielezee hii kitu polepole," alisema Kamanda. "Kwetu Kakamega mtu akiniita mtumwa tunakutana kwa chifu."

"Si ugomvi, Kamanda," nikasema. "Ni utani. Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara."

"Na tofauti ni gani?"

"Tusi likikupata unakasirika. Mtani akikutania huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili."

"Kwa hivyo mnatukanana ndio mnapendana?"

"Nani ampende huyu!" alidakia Mihayo kutoka jikoni. "Kamanda, mtani si rafiki. Rafiki unamchagua. Huyu nimezaliwa nikamkuta. Siku akifiwa, mimi ndiye nitashika jembe la kaburi, nitakula kuku wa waombolezaji, na nitavaa koti la marehemu nitembee nalo kijiji kizima. Hakuna wa kunizuia."

"Matusi mawili yameandikwa," ilisema Mizani.

Kamanda alikiangalia kipaza sauti cha darini, akamwangalia Daktari. Daktari akainua mabega. "Mie sina la kusema, Kamanda. Kwetu tuna yetu."

"Nimeelewa nusu," alisema Kamanda mwishowe. "Hiyo nusu ingine mtanielezea tukitoka hapa. Zimebaki siku thelathini na sita. Kuanzia sasa mtaongea kama watu wa benki. Sitaki kupoteza mtu yeyote kwa sababu ya nazi."

Ilikuwa amri ya haki, na mimi safari niliitaka. Tukatii.

Siku ya 165 nilimwandikia Mihayo kwenye ubao wa ujumbe: "Ndugu Mihayo, nakutakia siku njema. Chujio la upande wako limesafishwa." Akanijibu: "Ndugu Zaituni, nashukuru sana kwa huduma yako nzuri." Taa ikawa kijani. Ikawa kijani siku iliyofuata, na iliyofuata. Makao Makuu wakatutumia pongezi. Kwa kipimo cha Mizani hatukuwahi kuwa na nyumba yenye amani kiasi kile.

Nyumba yenyewe ikapoa kabisa. Tulikula kwa zamu, vijiko vikasikika kwenye sahani. Daktari Haroub, aliyekuwa na kawaida ya kuongeza wali mara mbili, akaanza kuacha nusu. "Ati nikikaa pale mezani," aliniambia, "naona kama nala matangani, na maiti mwenyewe sijamjua ni nani."

Siku ya 171

Maiti tulimjua siku ya saba ya amani hiyo.

Ujumbe ulifika saa tano asubuhi. Baba yake Mihayo, Mzee Kasanda, mrina asali wa Urambo, alikuwa amefariki usingizini akiwa na miaka themanini na minane. Angezikwa kesho yake saa nne. Kamanda alimsomea Mihayo mwenyewe, wamesimama kwenye bustani yetu ya ndani, kati ya matuta ya matembele. Mimi nilikuwa karakana, na dirisha langu lilitazama huko. Nilimwona anaitika kwa kichwa mara tatu, nne, halafu anainama na kuendelea kumwagilia.

Kanuni zilimruhusu kutoka. Angefungua mlango, gari lingekuja kumchukua, jioni angekuwa njiani kwenda Tabora. Lakini aliyetoka alikuwa ametoka moja kwa moja. Aliniambia baadaye kwamba Mzee mwenyewe ndiye aliyemkataza siku ya kuagana: "Nikifa, baki hukohuko uliko, usirudi. Mimi nitakuwa nimekwisha fika, wewe bado."

Nilikwenda kwenye mlango wa bustani. Haukufunguka, na sikutegemea ufunguke. Nikasema kupitia spika, kwa sauti ya watu wa benki:

"Pole sana kwa msiba, ndugu Mihayo. Mungu ampumzishe Mzee mahali pema."

"Ahsante, ndugu Zaituni," akasema bila kugeuka.

Kijani.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Kwetu, mtani anapofiwa, unafika kabla ya ndugu zake. Unafika na kelele. Unamsema marehemu, unazuia jeneza, unawaudhi wenye msiba mpaka wanacheka bila kupenda, kwa sababu mtu aliyebanwa na kilio kinachokataa kutoka anaweza kufa nacho. Ndiyo kazi. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifanya. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nikampa pole ya kadi ya posta.

Hakula mchana. Hakula jioni. Daktari alimpelekea uji akaurudisha.

"Hajalia," Daktari aliniambia kwenye ujia. Macho yake yalikuwa mekundu; yeye alishalia kwa niaba. "Kanambia neno moja tu. Kasema, 'Mtani wangu hakuja.'"

*

Kamanda alinikuta chini ya tangi la maji, nimeshika spana ambayo sikuwa naifanyia kazi yoyote. Akachuchumaa.

"Nimemuuliza Mihayo hiyo nusu ingine," alisema. "Amenielezea. Zaituni, kesho saa nne tutatoka nje tumwekee mzee wake mawe kama kaburi. Nje hakuna milango, mnaweza kusimama pamoja. Wewe fanya kazi yako."

"Mizani itasikia, Kamanda. Iko ndani ya kofia."

Alikitazama kipaza sauti cha darini, akatoa kikaratasi mfukoni akaandika, akanionyesha. *Antena ya nje ni kazi yako. Waya hulegea. Saa moja tu.* Halafu akakitafuna kile kikaratasi, akakimeza, na mwanamke yule wa kanuni akaondoka ameshika shavu.

Nilikaa chini ya tangi lile muda mrefu. Sitadanganya: jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Bila antena ile sauti za kofia zisingeifikia Mizani: saa moja bila masikio. Mihayo angepata mtani wake, mimi ningepata Mirihi yangu, taa ingebaki kijani, na hakuna ambaye angejua. Mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta bisibisi.

Kilichonizuia ni kufikiria jinsi Mizani inavyojifunza. Kila siku ya kijani iliwekwa kwenye kumbukumbu zake kama mfano wa nyumba njema. Siku zetu saba za ubaridi zilikuwa tayari zimeingia. Nikilegeza waya, itajifunza pia kwamba mtu akifiwa wenzake humwambia pole fupi, kisha kimya cha saa moja, kisha kila kitu kiko salama. Na akili hiyo ndiyo itakayoshika milango ya kila chombo kitakachokwenda huko baada yetu. Siku moja, miezi sita mbali na Dunia, Mpare atafiwa akiwa na Mchaga mlango wa pili. Mngoni atafiwa. Mtu wa taifa nisilolijua, mwenye desturi nisiyoijua, atasimama kwenye kioo anamtazama mwenzake anavyodhoofika, na mlango hautafunguka. Waliotangulia walikuwa kijani, itasema mashine. Waliotangulia ni mimi.

Na ningemtania Mizani ikisikia, je? Ingekuwa nyekundu ya tatu. Ningetoka kwa mlango, nirudi Kisarawe, nikawe fundi bomba.

Nililia kidogo pale chini ya tangi. Halafu nikairudisha bisibisi kwenye kisanduku chake. Waya sikuugusa.

Siku ya 172

Mihayo alitoka kwanza na Daktari. Mimi na Kamanda tukafuata. Tulipita kile chumba kidogo kilicho kati ya ndani na nje, tulichozoea kukiita varanda, tukasubiri hewa inyonywe kwa utaratibu, tukaingia kwenye upepo.

Mihayo alikuwa ameshaweka mawe kumi na mawili meusi, moja moja, amechagua yanayolingana. Kamanda alisoma Zaburi. Daktari aliinua mikono yake minene ya vazi la anga akaomba dua yake. Mihayo alisimama wima. Usoni, nyuma ya kioo, hakukuwa na kitu.

Vazi la anga lina kilo thelathini. Nilikwenda hatua sita nikajilaza juu ya mawe, chali.

"Zaituni, umeanguka?" sauti ya Kamanda masikioni.

"Sijaanguka. Nimelala. Mazishi yamesimama mpaka nipewe changu."

Nilimwona Kamanda anageuka kuitazama antena juu ya paa. Kijitaa chake kilikuwa kinawaka. Alielewa, akafumba macho.

"Zaituni Pazi," ilisema Mizani, "unazuia ibada ya mwenzako. Tafadhali ondoka."

Mihayo alikuwa amesimama juu yangu. Niliona viatu vyake tu.

"Nani alimruhusu Mzee Kasanda afe?" nikaanza. "Miaka themanini na minane anawaibia nyuki, leo anatoroka hata watani hajatuaga! Huko Urambo nyuki hawana msiba. Wanapiga mdundiko, malkia yuko mbele anakata kiuno! Na wewe mwanawe, ukoo mzima wa wapagazi, unamletea baba yako mawe kumi na mawili? Kumi na mawili! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe umechoshwa na kokoto?"

"Rangi ya nyumba ni nyekundu," ilisema Mizani. "Hii ni mara ya tatu."

Basi. Imekwisha. Nilitazama mbingu kupitia kioo na nikaogopa, si kwa ajili ya safari. Niliogopa kwamba nimekosea, kwamba siku saba za adabu zimemaliza kitu kati yetu na sasa mimi ni mwanamke fulani tu aliyelala juu ya kaburi la watu.

Kisha masikioni nikasikia mkoromo. Nikasikia mtu anapambana na pumzi.

"Mzaramo," ilisema sauti ya Mihayo, "hata msibani umetafuta pa kulala."

"Mahali penyewe panaumiza. Baba yako hakukufundisha kutandika?"

"Inuka juu ya baba yangu, mvivu wewe!"

"Siinuki! Nataka dakika zako za kuoga."

Kila mtu alikuwa na dakika mbili za maji kwa juma. Hakukuwa na mali kubwa kuliko hiyo ndani ya nyumba ile.

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua za mwezi mzima! Unazihitaji! Unanuka mpaka nje ya kofia!" Akacheka, kicheko kikubwa chenye mabega, akainama akashika magoti, na katikati ya kicheko kile kilio kikaja. Kilikuja chote. Alimwita baba yake kwa Kinyamwezi, akakaa chini kwenye majivu, na mimi nikainuka kwa shida na uzito wangu nikaenda kumshika. Kofia zetu ziligongana. Sitasahau kwamba ndani ya kofia ya anga huwezi kujifuta; machozi na kamasi vinakaa hapo hapo, na tulikaa navyo nusu saa, wote wanne.

Mchana ule, Daktari aliniletea habari karakana anakimbia. "Kala sahani mbili! Kaomba na ya tatu, nimemnyima, itamdhuru."

Siku ya 173

Uamuzi wa Makao Makuu ulikuja mfupi. Mizani imetimiza nyekundu tatu. Kamanda ajaze fomu ya kumtoa mvunja amani, mtu wa akiba yuko njiani.

Sikungoja kufukuzwa. Nilifunga begi langu, nikaingia varanda saa nne asubuhi, mlango wa ndani ukajifunga nyuma yangu. Mbele yangu ulibaki mlango wa nje tu, na safari hii ningeupita bila vazi. Kupitia kioo niliwaona Kamanda na Daktari sebuleni, na kidogo baadaye Mihayo naye akaingia. Mizani ilimruhusu, kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa kati yetu.

Fomu ilikuwa mezani chini ya ile taa. Kamanda alikuwa ameishika kalamu bila kuandika.

"Kamanda, niandike mimi," alisema Mihayo. "Chanzo ni msiba wangu."

"Usimsikilize," nikasema kwenye spika. "Aliyelala juu ya mawe ni mimi. Na Mirihi kuna mawe mengi, huyo ndiye atakayeyahitaji. Mimi nawaachia maji yanatoka. Msiyazibe."

Mihayo akasogea mpaka kwenye kioo. Nilijua anachotaka kufanya na nikatikisa kichwa, kwa sababu naye angeweza kutolewa.

"Nenda zako," alisema kwa sauti kubwa, midomo inamcheza. "Nenda Kisarawe ukalale. Angalau huku tutapata hewa. Mabomba yako yote yanavuja, na kuimba kwako chini ya tangi kumeua matembele!"

"Nyekundu," ilisema Mizani. "Mara ya nne."

Ndipo Daktari Haroub, mtu ambaye sijawahi kumsikia akimsema hata mbu, akasimama, akakohoa kusafisha koo. "Na… na chapati zako," alisema, jasho linamtoka, "zote… zote hazikuiva! Wallahi! Nilikuwa nazificha mfukoni!"

"Nyekundu. Mara ya tano."

Akakaa chini anatetemeka kwa ujasiri wake. Mimi nilicheka huku natokwa machozi, nimeegemea kioo. Kamanda alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaitazama taa.

"Mimi nimekaa na hii taa siku mia moja sabini na tatu," alisema. "Ilikuwa kijani mfululizo mara moja tu, siku saba. Hizo siku saba ndio nilianza kuogopa kuwa mtu ataniharibikia hapa ndani." Akainamia fomu. Akaandika neno moja, akageuza karatasi tuione kupitia kioo.

Palipoandikwa *Jina la anayevunja amani ya nyumba*, alikuwa ameandika: Mizani.

"Kamanda Khaemba," ilisema sauti ya darini, "mimi si mmoja wenu."

"Hiyo ndio shida," alisema Kamanda, akabonyeza kutuma.

Dakika kumi na nne kwenda. Daktari alichemsha chai, akasahau kuimimina. Kamanda alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja. Dakika kumi na nne kurudi. Nilikaa juu ya begi langu.

Jibu likasomwa kwa sauti ya mtu, si ya Mizani. "Makao Makuu kwa Kamanda Khaemba. Fomu imepokelewa na kukubaliwa. Mizani inazimwa sasa. Lakini jaribio lisilo na Mizani ni jaribio jipya, na siku zenu zilizopita hazitahesabiwa. Mnaanza siku ya kwanza kati ya mia mbili. Anayetaka kutoka atoke leo, hatutamlaumu. Tujulisheni pia: Mizani ikizimwa, milango itafunguliwa na nani?"

Taa juu ya meza ikazimika. Haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa kioo tu.

Siku mia moja sabini na tatu za uji wa unga na maji ya kupimwa zilikuwa zimefutwa kwa pumzi moja. Nyuma yangu, nje ya mlango wa mwisho, upepo ulikuwa unavuma, upepo wa kweli wa nyumbani. Ningebonyeza kitufe kimoja cha dharura, ningekula embe kesho.

Kila mlango wetu una gurudumu la chuma pande zote mbili, kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Mizani ikiwa hai hayakuzunguka, na hatukuwahi kuyagusa. Nilisikia la upande wa sebuleni linalia, chuma kwenye chuma, na nikamwona Mihayo amelikumbatia, mishipa ya shingo imemtoka.

"Usinitazame tu!" alifoka kupitia kioo. "Shika la kwako!"

Nikaliacha begi, nikalishika gurudumu kwa mikono miwili.

"Kamanda," alisema Daktari nyuma yake, "tuwajibu nini Arusha?"

"Waambie wangoje," alisema Kamanda Robai, anakunja mikono ya shati, anakuja kusukuma. "Tunafungua."